Tusafishe Meko Kama Tunavyosafisha Mifereji

Sisi wakulima wa skimu za Mto Tana, kuanzia Bura na Hola mpaka huku kwetu Garsen, twaijua sana kazi ya kusafisha mifereji. Mto wetu hauleti maji matupu. Huleta tope jingi kutoka nchi ya milimani, na tope hilo hutulia katika mifereji mikubwa na midogo. Mkulima asipoingia na jembe na koleo kulitoa, maji hayafiki kwenye mpunga wake. Kwa sababu hiyo tumezoea kutoka pamoja, wanaume kwa wanawake, na hakuna aonaye haya kusimama ndani ya mfereji akiwa na tope mpaka magotini. Aonaye haya ni yule ambaye hakuja.

Lakini uko mfereji mwingine ambao twausahau, nao umo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Nasema juu ya meko. Moshi ni kama maji, hutaka njia ya kupitia. Njia ikiziba, moshi hugeuka na kuingia mahali usipotakiwa. Masizi yanayoganda juu ya matofali ya meko ndiyo tope la mfereji huo. Maoni yangu ni kwamba kuyasafisha masizi hayo ni kazi ya shamba kama kazi nyingine, na si kazi ya mama peke yake. Tafadhali, msomaji, nivumilie nikueleze kwa nini.

CHOKAA YANGU

Nitaanza kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilipata mavuno mazuri ya mpunga, nikaona nimpumzishe mama watoto na yale mafiga matatu. Nikamwita fundi, akanijengea meko ya matofali ya kuchoma, nayo akayaegemeza kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, ukuta wa kawaida wenye nguzo za miti. Kazi ilipokwisha ilipendeza, na majirani walikuja kutazama. Baada ya mwaka mmoja matofali yale mekundu yalikuwa meusi tititi, tena yenye kung'aa kama yaliyopakwa lami. Mimi sikujali. Nilisema moyoni kwamba jiko ni jiko, haliwezi kuwa jeupe kama msikiti.

Siku moja tuliletewa habari kwamba wakulima wa skimu nyingine watakuja kutazama mashamba yetu, na kwamba chakula cha mchana watakula kwangu. Hapo ndipo haya iliponishika. Nikanunua chokaa, nikaikoroga ndani ya debe, nikaipaka juu ya masizi yale yale mara mbili. Meko yakawa meupe. Nikamwita mama watoto aje aone kazi yangu. Akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, naona umeuvisha uchafu kanzu nyeupe."

Wageni walifika. Moto ulikokwa tangu asubuhi, na kabla ya adhuhuri chokaa ilianza kubambuka, kwa kuwa chokaa haishiki juu ya masizi. Vipande vyeusi upande mmoja na vyeupe upande wa pili vilianguka ndani ya sufuria ya kambare. Wale wageni walikuwa watu wa adabu. Walivitenga vipande vile pembeni ya sahani, wakala, wakashukuru. Walakini mimi niliona kila kipande.

Juma lililofuata nilikusudia kuyaosha meko yale. Nikafanya kosa la pili, nikayamwagia ndoo ya maji. Maji meusi yalitiririka mpaka chini na kuingia katika matofali yaliyokuwa bado safi, ikawa nimeongeza doa badala ya kuliondoa. Mama watoto akaninyang'anya ndoo, akaleta kifagio, tukaanza upya pamoja tangu mwanzo, mara hii kwa kufagia kavu.

Masizi yalipotoka, tuliona jambo ambalo sikulitazamia. Katika safu ya tatu ya matofali palikuwa na ufa, mpana wa kutosha kupitisha bapa la kisu. Nyuma ya ufa ule ilisimama nguzo ya ukuta. Nilipoikwaruza nguzo kwa kisu, ilitoka makaa. Ilikuwa imeungua polepole, siku kwa siku, kiasi cha unene wa kidole, na sisi hatukujua. Juu ya nguzo ile ni paa la makuti. Upande wa pili wa ukuta ule wajukuu zangu hulala.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikifikiri ya kuwa masizi ni aibu tu mbele ya wageni. Kumbe masizi yalikuwa yameficha moto ndani ya nyumba. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa usiouona utauzibaje?

MASIZI NI NINI

Yafaa tujue adui wetu ni nani. Moto ukipata kuni kavu na hewa ya kutosha, huzila kuni karibu zote na kubakiza jivu. Ukipata kuni mbichi, au ukikosa hewa kwa sababu kuni zimeshindiliwa, hauwezi kuzimaliza. Sehemu isiyoungua hupanda pamoja na moshi, ikafika penye tofali lenye baridi kidogo, ikaganda hapo. Hayo ndiyo masizi. Kwa hiyo kila doa jeusi katika meko ni kuni ulizozikata au kuzinunua, ukazibeba mpaka nyumbani, nazo hazikupika chakula chako.

Masizi ni ya namna mbili, na mtu akitazama kwa makini atayatofautisha. Yale ya unga, meusi yasiyong'aa, yanayotoka kwa kidole, huonyesha kwamba moto umekosa hewa. Yale yenye kung'aa na kunata kama lami huonyesha kwamba kuni zilikuwa na maji mengi. Haya ya lami ndiyo ya hatari zaidi, maana yenyewe yaweza kushika moto. Yakijaa ndani ya dohani siku moja yatawaka huko juu, ambako huwezi kufika na ndoo yako.

Tena liko jambo kubwa kuliko kuni. Moshi ule ule unaopaka tofali ndio unaoingia vifuani mwa watu waliomo jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kati yao watoto walio chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Watoto hushikwa na nimonia. Watu wazima hupatwa na maradhi ya kifua, ya moyo na ya kiharusi. Mama aliyepika miaka thelathini katika jiko lisilo na njia ya moshi, na mtoto aliyefungwa mgongoni mwake, wamevuta hewa moja. Tofali likiingia weusi twaweza kulisugua kwa dodoki. Mapafu hayasuguliwi.

JINSI YA KUSAFISHA

Sasa nitaeleza namna tunavyofanya nyumbani kwangu, baada ya kujifunza kwa makosa. Kazi yote yachukua asubuhi moja, wala haihitaji kitu cha gharama.

Kwanza, meko yapoe kabisa. Zima moto jioni ya siku iliyotangulia. Tofali lenye moto likimwagiwa maji baridi hupasuka, na huo ni ufa mpya uliouleta mwenyewe.

Pili, toa vyombo vyote jikoni, funika maji ya kunywa, na watoto watoke nje. Mwenye kufanya kazi ajifunge kitambaa puani na mdomoni, kwa kuwa unga wa masizi si kitu cha kuvutwa.

Tatu, fagia kavu. Tumia kifagio cha chelewa au brashi ya nyuzi za mkonge, uanze juu ushuke chini. Usisugue kwa nguvu, maana ukikandamiza masizi utayasukuma ndani ya vitundu vya tofali. Yaliyoanguka yazoe ndani ya debe. Watu wengi huiruka sehemu hii kama nilivyoiruka mimi, nao hupata taabu bure. Ukifagia vizuri, kazi nusu imekwisha.

Nne, lowesha matofali kwa maji safi kabla ya kutia sabuni. Tofali kavu hunywa maji kama mtu aliyetoka jua kali. Likiwa limekwisha kunywa maji safi, halitakuwa na kiu ya kunywa maji machafu. Kisha chukua maji ya uvuguvugu yenye sabuni, usugue kwa dodoki au kwa kumbi la nazi, sehemu ndogo ndogo, kama upana wa mikono miwili kwa mara moja. Hapa uanze chini upande juu, ukisuuza kila mara, ili maji machafu yasichore michirizi juu ya matofali makavu. Kwa hiyo kumbuka kwamba kufagia ni kutoka juu, na kuosha ni kutoka chini.

Tano, penye masizi ya lami au mafuta ya kupikia, sabuni peke yake haitoshi. Saga magadi, uyachanganye na sabuni na maji kidogo mpaka yawe mazito kama uji wa mtoto. Paka mahali penye doa, uache kwa muda wa nusu saa, kisha sugua na kusuuza. Sisi wa mpunga tuna kitu kingine kizuri nacho twakitupa, yaani jivu la makapi ya mpunga. Jivu hilo lina chenga ngumu zinazokwaruza uchafu. Lakini lilowe maji kwanza usije ukalivuta puani, na mikono yako uisuuze vizuri, maana magadi na jivu huchubua ngozi.

Sita, acha meko yakauke siku moja au mbili. Halafu washa moto mdogo kwanza, kesho yake mkubwa kidogo, ndipo urudie upishi wa kawaida. Siku hizo mbili pikieni nje.

Maji machafu na masizi yenyewe usiyamwage katika mfereji, wala katika bustani ya mboga. Chimba shimo mbali na kisima, uyafukie.

MAMBO YA KUEPUKA

Yako mambo ambayo watu hushauriana, nami nawasihi wakulima wenzangu wasiyafanye. Usitumie brashi ya waya juu ya matofali yetu. Mengi ya matofali tunayochoma wenyewe ni laini, na waya huondoa ngozi ya juu. Tofali lililochunwa hushika masizi zaidi kuliko mwanzo. Usitumie maji ya betri, kwani hula mikono, hula udongo unaoshika matofali, na mvuke wake huchoma kifua. Usitumie mafuta ya taa wala petroli kwa kisingizio kwamba yanayeyusha lami. Yatanywewa na tofali, nawe utakapowasha kiberiti utajua yalikokwenda. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe usiichanganye kamwe na siki au ndimu, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

MADOA YA CHUMVI NA YA MAFURIKO

Huku kwetu chini ya mto tuna madoa mengine mawili ambayo wenzetu wa bara hawayajui sana.

La kwanza ni doa jeupe la chumvi. Sehemu nyingi za udongo wa huku zina chumvi. Tofali likifyatuliwa kwa udongo au maji ya namna hiyo, chumvi hutoka nje maji yanapokauka, ikafanya utando mweupe kama unga. Mtu huona utando ule akaukimbilia kwa maji. Maji huiyeyusha chumvi, hurudi nayo ndani, na baada ya siku chache hutoka tena. Dawa yake ni kufagia kavu, mara kwa mara, mpaka iishe. Ikikataa, pangusa kwa siki au ndimu iliyotiwa maji, kisha suuza upesi. Usiiache ikae, hasa kama matofali yalishikwa kwa chokaa, maana siki huila chokaa.

La pili ni doa la mafuriko. Wazee wetu wanayakumbuka mafuriko ya 1961. Wengi wetu tuliyaona ya 1997, yaliyobomoa kingo za skimu ya mpunga, na ya 2018, na yale yaliyoanza mwisho wa 2023 yakarudi katika miezi ya Aprili na Mei 2024. Maji yakiondoka huacha mstari wa tope ukutani na katika meko. Usilisugue tope lile likiwa bichi, utalieneza tu. Liache likauke, litapasuka lenyewe, kisha ulifagie. Jambo kubwa zaidi ni kuwa na subira na moto. Tofali lililokaa ndani ya maji siku nyingi limejaa maji mpaka kiini. Ukiliwashia moto mkali, maji ya ndani hugeuka mvuke na kulipasua uso wake. Nyumba ikiwa imetoka katika mafuriko, yaache meko majuma kadhaa penye hewa, kisha uanze kwa moto mdogo mdogo.

Ukiona ufa, uzibe siku hiyo hiyo. Udongo wa kichuguu, mchanga laini na jivu kidogo, ukikandwa vizuri, hufaa kuliko saruji, maana saruji iliyo karibu na moto hupasuka. Lowesha ufa kwanza, shindilia udongo mpaka ndani, uache ukauke kivulini. Na kama nyuma ya meko pana mti, kama ilivyokuwa kwangu, uondoe mti ule. Kuziba ufa na kuuacha mti nyuma yake ni kupaka chokaa mara ya pili.

WASEMAO MASIZI YANA FAIDA

Nilipomweleza jirani yangu habari hizi, bibi mwenye umri mkubwa kuliko wangu, alicheka. Alisema, "Mwanangu, makuti ya jiko langu hayajaliwa na wadudu tangu nilipoolewa, na mbegu zangu za mahindi nazitundika juu ya meko. Ukiniondolea moshi utanipa nini?"

Bibi hakusema uongo, nami sikumjibu kwa kiburi. Ni kweli kwamba moshi hufukuza wadudu katika makuti, na mbegu zilizotundikwa juu ya meko hukaa kavu na dumuzi hawazipendi. Hekima ile ilihifadhi mbegu katika nchi hii kabla ya dawa yoyote kuletwa. Lakini twaweza kuitunza hekima tukaacha madhara yake. Mbegu zaweza kukauka vizuri juani, zikachanganywa na jivu kavu, zikatiwa ndani ya debe au chombo chenye kufungwa sana. Makuti yaweza kubadilishwa yakichakaa. Kifua cha mjukuu hakibadilishwi. Nilimwambia hivyo, naye akasema atafikiri. Mwezi uliopita nilimkuta amekata dirisha katika ukuta wa jiko lake, upande unakoelekea upepo. Mbegu bado zatundikwa pale pale. Nami naona bibi ametenda vema, maana dirisha ni mwanzo.

KUNI ZA MATHENGE

Kusafisha bila kutazama chanzo ni kama kutoa tope katika mfereji na kuacha kingo zikibomoka. Chanzo cha masizi mengi huku Tana ni kuni mbichi. Mti wa mathenge uliletwa Bura na Hola katika miaka ya 1980 kusudi familia za skimu zipate kuni, kwa kuwa watu walikuwa wengi na miti michache. Sote twajua ulivyofanya baadaye. Umetoka mahali ulipopandwa, umeingia mashambani, malishoni na katika njia za ng'ombe waendao mtoni, na miiba yake imewaumiza watu na mifugo wengi. Mfugaji haupendi, mkulima haupendi.

Hata hivyo, kwa kuwa umekuja na hauondoki, tuutumie kwa akili. Kuni zake ni ngumu na moto wake ni mkali, endapo zimekauka. Kosa letu ni kwamba twaukata asubuhi na kuupika jioni. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kabla ya kuichemsha sufuria yako. Kata wakati wa jua, pasua vipande vyembamba, panga juu ya magogo mawili ili hewa ipite chini, funika upande wa juu tu, na subiri miezi kadhaa. Kuni zikigongana na kulia kwa sauti kali, zimekauka. Anayeanza leo atapika kwa kuni kavu msimu ujao, tena meko yake yatasafishwa kwa nusu ya taabu.

Pia tuyape meko hewa. Usishindilie kuni, na jivu litolewe kila asubuhi. Katika miaka ya 1980 lilitokea hapa Kenya jiko la kuni lenye chungu cha udongo wa kuchoma, likaitwa jiko la Maendeleo, na baadaye Upesi. Hutumia kuni pungufu kuliko mafiga matatu, nalo ni jema. Lakini halina dohani, basi mwenye nalo asisahau dirisha. Mwenye dohani naye aipandishe juu kupita paa, aikinge na makuti kwa bati, na aifagie kabla ya kila msimu wa mvua kwa gunia lililofungwa jiwe na kamba.

KAZI YA NANI

Sasa nafika kwenye neno ambalo najua halitawapendeza wanaume wenzangu wote. Katika mikutano ya skimu twazungumza habari za maji, mbegu, matrekta na bei. Sijapata kusikia hata mara moja mwenyekiti akiuliza habari za jikoni. Twasema hayo ni mambo ya wanawake. Lakini nani alimwita fundi na kuyaegemeza meko kwenye nguzo za miti? Ni mimi. Nani aliamua jiko lisiwe na dirisha? Ni mimi. Nani hukata mti mbichi na kuutupa mlangoni? Mara nyingi ni vijana wangu, nami sikuwakataza. Mama watoto hupika ndani ya makosa ya wengine, kisha twamwambia jiko lake ni chafu.

Mpunga wetu haumaliziki ghalani. Humalizika juu ya meko, na kutoka hapo huingia katika miili ya watoto wetu. Mkulima anayetunza mpunga tangu kitaluni mpaka kwenye gunia, akauacha katika hatua ya mwisho upikwe kwa moshi na hatari, hajamaliza kilimo chake.

Kwa hiyo natoa shauri. Baada ya kila mavuno, vyama vyetu vya watumiaji maji viweke siku moja ya meko, kama tulivyo na siku za mifereji. Siku hiyo kila nyumba, baba na mama na vijana wakubwa, wafagie meko, waoshe, watafute ufa, wazibe, na wahesabu kuni kavu walizo nazo. Asiyeweza kwa uzee au ugonjwa asaidiwe na jirani. Afisa wa kilimo na mhudumu wa afya wa kijiji waalikwe, wapite nyumba mbili tatu wakitazama. Haihitaji fedha za serikali wala mgeni kutoka nje. Yahitaji kifagio, dodoki, sabuni na asubuhi moja.

Nyumbani kwangu meko si meupe. Tofali lililopikiwa miaka mingi halirudi kuwa jipya, wala sidhani ni lazima lirudi. Sasa yana rangi ya kahawia, na mistari baina ya matofali yaonekana. Hilo ndilo nililolitaka, maana ufa ukitokea tutauona. Nguzo ile iliyoungua niliikata, nikaiweka barazani. Wageni wakiuliza ni ya nini, humwachia mama watoto awaeleze, na habari ya chokaa haisahau.